Msimamizi Asiyeonekana: Mary Lee Woods wa Birmingham na Lugha ya Kompyuta

Tarehe 12 Machi 1924, katika kitongoji cha Hall Green, kusini mwa jiji la Birmingham, alizaliwa mtoto wa kike aliyepewa jina la Mary Lee Woods. Baba na mama walikuwa walimu. Historia inapomkumbuka, humkumbuka zaidi kwa ubini wa mumewe na kwa sifa ya kifungua mimba wake, Tim Berners-Lee, mtu aliyependekeza Wavuti wa Ulimwengu mwaka 1989. Kwa Waswahili hilo si ajabu wala si dharau. Mwanamke akishazaa huitwa mama fulani, na heshima yake huongezeka. Lakini jina la Mama Tim, likitumiwa peke yake, linafunika kazi aliyoifanya kabla Tim hajazaliwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa leo kimyakimya, ndani ya kila simu na kila kompyuta, na kile kinachoitwa mfumo endeshi.

Mfumo endeshi ni kitu ambacho watu wengi hukitumia kutwa nzima pasipo kujua kwamba kipo. Mtu akiulizwa ana simu gani atataja jina la kampuni iliyoiunda. Akiulizwa anatumia programu gani atataja ile ya kupelekea ujumbe au ya kutumia pesa. Kile kilicho katikati, kinachoamua nani asubiri na nani apite, kipi kiwekwe wapi, na mguso wa kidole kwenye kioo una maana gani, hakitajwi. Njia mojawapo ya kukielewa ni kurudi katika miaka michache ambayo hakikuwapo, na kutazama nani alikuwa akiifanya kazi yake.

Mary Lee alisoma Yardley Grammar School, akaonyesha kipaji cha hisabati, na mwaka 1942 akaingia Chuo Kikuu cha Birmingham kusomea shahada iliyofupishwa kuwa ya miaka miwili kwa sababu ya vita. Chuo hicho kilikuwa kimekwisha kuingia katika historia ya elektroniki. Februari 1940, katika maabara yake ya fizikia, John Randall na Harry Boot waliwasha kwa mara ya kwanza magnetroni ya matundu, kifaa kilichotoa mawimbi mafupi yenye nguvu ambazo rada ya wakati ule haikuwa nazo. (Kifaa cha ukoo huohuo ndicho kinachopasha moto wali wa jana katika oveni za maikrowevu, na huenda huo ndio mchango wa Birmingham unaotumika kuliko yote katika majiko ya dunia.) Mwaka 1944 Mary Lee alipelekwa Malvern, mji mdogo ulio kusini-magharibi mwa Birmingham, kwenye taasisi ya serikali ya utafiti wa rada. Hapohapo walikuwa wakifanya kazi Freddie Williams na Tom Kilburn, wahandisi ambao baada ya vita walihamia Manchester na kuunda kompyuta ambayo yeye angekuja kuitungia programu.

Alirudi Birmingham mwaka 1946 kuimalizia shahada yake. Kisha akavuka bahari hadi Australia, akafanya kazi katika kituo cha unajimu cha Mount Stromlo kuanzia 1947 hadi 1951, akiyapanga nyota katika makundi yake. Aliporejea Uingereza akaona tangazo la kampuni ya Ferranti ya Manchester, iliyokuwa ikitafuta wanahisabati wa kufanya kazi kwenye kompyuta. Mwaka huo wa 1951 ni watu wachache sana duniani ambao wangeweza kusema kwamba wana uzoefu wa kazi hiyo, kwa hiyo tangazo halikuudai.

Mashine aliyoikuta iliitwa Ferranti Mark 1, na ya kwanza ilikuwa imefikishwa Chuo Kikuu cha Manchester Februari 1951. Kumbukumbu yake ya karibu ilikuwa ndani ya mirija ya kioo inayofanana na ile ya televisheni za zamani. Kila biti, yaani kila sifuri au moja, ilikuwa ni doa la umeme juu ya uso wa mrija, na doa hilo lilififia kwa kasi kiasi kwamba mashine ililazimika kulisoma na kuliandika upya bila kupumzika. Kwa mambo yasiyohitajika papo hapo palikuwa na pipa la sumaku lililozunguka kando, lenye nafasi kubwa zaidi lakini la polepole. Mpango huo haujafa: simu ya leo nayo ina kumbukumbu ndogo ya kasi inayosahau kila kitu umeme ukikatika, na hifadhi kubwa ya polepole inayokumbuka hata ikizimwa. Mwenye simu anayelalamika kwamba ina nafasi tele ya kuhifadhi picha lakini inakwama akifungua programu tatu kwa pamoja, anazungumzia tofauti ileile ya mrija na pipa.

Amri ziliingizwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Kila amri ilikuwa na biti 20, nazo ziliandikwa kwa alama nne za mashine ya simu ya maandishi, alama 32 kwa jumla, kila moja ikiwa na thamani yake. Sifuri iliandikwa kwa mkwaju, moja kwa herufi E, mbili kwa alama ya @, tatu kwa A, na kuendelea hivyo bila mantiki ambayo akili ingeweza kuishika, ilibidi kukariri. Juu ya hayo, nambari ziliandikwa kwa kuanza na tarakimu ndogo, kana kwamba mtu anayetaka kuandika mia moja ishirini na tatu aandike 321. Kitabu cha kwanza cha mwongozo kilikuwa kimeandikwa na Alan Turing, mtu mwenye akili nyingi kuliko subira kwa wasio nazo. Kwa kuwa sifuri ndiyo iliyokuwa nyingi kuliko tarakimu zote, karatasi za watunga programu wa Manchester zilijaa mikwaju kama dirisha lililopigwa na mvua.

Sasa yatazamwe yale ambayo mashine hiyo haikuyafanya. Haikujua kuipokea kazi ya mtu na kuipanga nyuma ya kazi ya mwingine; watu waligawana saa, na wengi walipangiwa usiku. Programu ikizidi nafasi ya mirija, mtunzi mwenyewe aliamua kipande kipi kikae kwenye mirija na kipi kingoje kwenye pipa, na akaandika amri za kuvibadilishana kwa wakati wake. Mirija ilikuwa na tabia ya kusahau, hivyo hesabu ilifanywa mara mbili kipande kwa kipande na majibu kulinganishwa, na yasipolingana ilirudiwa. Mashine ikikwama, haikutoa maneno ya kueleza kosa. Mtu alisogea, akatazama madoa kwenye kioo, akasoma sifuri na moja kwa macho, akakisia ilikuwa imefika wapi. Palikuwa pia na kipaza sauti, na amri maalumu iliyokifanya kivume; Christopher Strachey aliitumia mwaka 1951 kuifanya mashine ipige wimbo wa taifa wa Uingereza, lakini kwa wengine ulikuwa ni mlio wa kuwaita kazini: njoo, nimemaliza, au njoo, nimepotea. Kupanga zamu, kugawa kumbukumbu, kukagua makosa, kusema na vifaa vya kuingizia na kutolea habari: hayo ndiyo majukumu yanayoandikwa katika vitabu vya leo kuwa ni ya mfumo endeshi. Mwaka 1951 yalikuwa vichwani na mikononi mwa watu, na kadhaa kati yao walikuwa wanawake.

Wanawake hao walilipwa kidogo kuliko wanaume waliokuwa wakifanya kazi ileile kwenye mashine ileile. Mary Lee alipogundua jambo hilo alilipeleka kwa wakubwa wa kampuni, akaongoza madai ya wenzake, na Ferranti ikakubali kuwalipa sawa. Sheria ya Uingereza ya malipo sawa ilipitishwa mwaka 1970 na kuanza kutumika mwishoni mwa 1975, yaani miaka ishirini na zaidi baadaye. Inafaa kulitilia mkazo hilo, kwa sababu simulizi za kompyuta hupenda kuhesabu ushindi wa mashine na kusahau kwamba ndani ya chumba hichohicho kulikuwa na hesabu nyingine, ya mishahara, ambayo haikujirekebisha yenyewe.

Aliolewa mwaka 1954 na Conway Berners-Lee, mwanahisabati mwenzake wa Ferranti, na Tim akazaliwa mwaka uliofuata. Alipokuwa akiwalea watoto wanne aliendelea kutunga programu nyumbani kwa mikataba, jambo ambalo wakati huo halikuwa na mifano mingi. Baadaye akafundisha hisabati, akarudi tena kwenye programu, akastaafu mwaka 1987. Alifariki Novemba 2017, akiwa na umri wa miaka 93.

Kazi ya mikono ilianza kuhamia ndani ya mashine hatua kwa hatua. Kwanza zilikuja lugha nyepesi: Alick Glennie mwaka 1952 na Tony Brooker mwaka 1954, wote kwa ajili ya mashine za Manchester, walitengeneza njia za kuandika amri kwa namna inayokaribia hesabu za shuleni, kisha kompyuta yenyewe ikazigeuza kuwa mikwaju na herufi. Hatua iliyokuwa kubwa zaidi ilikuja Desemba 1962, ilipozinduliwa kompyuta iitwayo Atlas, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Manchester pamoja na Ferranti na Plessey. Ndani yake mlikuwa na programu isiyofanya hesabu ya mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kuziangalia programu nyingine. David Howarth na wenzake walioitunga waliipa jina la cheo cha kazi, kama cha mtu wa kiwandani: Msimamizi.

Msimamizi wa Atlas alipokea kazi nyingi kwa pamoja na kuzipanga foleni. Programu moja ikisubiri utepe usomwe, aliipa nyingine nafasi ya kuhesabu ili mashine isikae bure. Kumbukumbu aliikata katika kurasa zilizo sawa, akazihamisha mwenyewe kati ya sehemu ya kasi na pipa la sumaku, na kila programu ikaishi kama kwamba nafasi yote ni yake. Udanganyifu huo wa heri ndio msingi wa starehe ya mtumiaji wa leo. Simu inapowashwa, programu ndogo iliyochomekwa kiwandani huamka kwanza, hukagua vifaa, kisha huiita programu kubwa kutoka kwenye hifadhi na kuikabidhi madaraka; hiyo kubwa ndiyo Android au iOS, na kwenye kompyuta ndiyo Windows, macOS au Linux. Tangu hapo hakuna programu inayogusa kamera, kipaza sauti, kioo au hifadhi bila kuomba ruhusa kwake. Simu inapouliza kama programu fulani iruhusiwe kutumia maikrofoni, Msimamizi amelipeleka swali kwa mwenye nyumba badala ya kuliamua mwenyewe. Wengi hubonyeza ndiyo bila kusoma, na mlango hubaki wazi mpaka siku wakumbuke kuufunga.

Kutoka kwa Msimamizi huyo inaeleweka pia kwa nini maneno ya kwenye kioo hayasemi kweli yote. Neno futa ni mfano. Katika mifumo mingi, kufuta faili ni kuondoa jina lake kwenye orodha na kutangaza kuwa nafasi yake ni huru. Yaliyomo hubaki palepale hadi yaandikiwe juu au yasafishwe baadaye, kama kaburi lililong'olewa kibao. Ndiyo maana anayempa jamaa kompyuta yake ya zamani hushauriwa kuisafisha yote upya kwa utaratibu maalumu. Sasisho nalo si pambo. Mfumo endeshi ni mamilioni ya mistari iliyoandikwa na watu, na katika mistari hiyo hugunduliwa nyufa kila mwezi. Sasisho huziba ufa kabla mwizi hajapita. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi nzima zilikataliwa na Windows 11 kwa kukosa chipu ya usalama au kichakata kipya cha kutosha. Siku iliyofuata ziliwaka kama kawaida. Kilichobadilika hakikuonekana kwa macho, na kwa mtu asiyejua kwamba Msimamizi yupo, kutoweka kwa mlinzi wake si habari.

Uzi wa Ferranti haukuishia Manchester. Ulifika Dar es Salaam kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 1963 Ferranti iliiuza idara yake ya kompyuta kubwa kwa kampuni ya ICT, na miaka miwili baadaye kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, ikawekwa Hazina. Mashine yenyewe ilikuwa na nembo ya Kiingereza juu ya mwili wa Kimarekani, kwa kuwa ICT iliinunua kutoka RCA na kuibandika jina jipya. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye kompyuta za kampuni hiyo, iliyogeuka ICL mwaka 1968, matatizo yalikithiri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo hutajwa leo kama kichekesho, na kwa kweli yaligharimu miaka mingi. Lakini aliyekwisha kuona yaliyokuwa yakifanywa na watu kama Mary Lee ataisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Kilichonunuliwa kilikuwa chuma. Watu wa katikati, wanaoijua mashine na kuijua pia kazi inayotakiwa, walikuwa wageni wa mkataba, na wageni huondoka. Nchi iliikataa mashine wakati ambapo upungufu wake mkubwa ulikuwa wa wasimamizi.

Kompyuta ndogo zilipoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 na 1990, watu wa katikati walikuwa tayari wamefungiwa ndani ya programu, na programu hiyo ilisema Kiingereza. Tena ilisema Kiingereza cha ofisi. Kampuni ya Xerox huko California, katika mashine yake ya Star ya mwaka 1981, iliugeuza uso wa kompyuta kuwa meza ya karani: mafaili, makabrasha, karatasi, na baadaye wengine wakaongeza kapu la taka pembeni. Apple na Microsoft wakaufuata mtindo huo. Anayedhani maneno hayo ni ya asili na hayana mwenyewe, na atazame kompyuta ya Apple iliyowekwa Kiingereza cha Uingereza: kapu ambalo Wamarekani huliita Trash, huko linaitwa Bin. Mtu fulani aliketi akaamua kwamba Mwingereza asilazimishwe kutupa uchafu wake kwa Kimarekani. Ikiwa tofauti ya neno moja kati ya ndugu wawili wa Kiingereza ilistahili mtu wa kuishughulikia, basi kuchelewa kwa Kiswahili hakukuwa kizuizi cha mashine.

Na mashine, kwa bahati, haikuwa na kinyongo na Kiswahili. Lugha inayoandikwa kwa herufi za Kilatini bila vitone wala vikofia ilikaa ndani ya herufi za kompyuta za mwanzo bila kuongezewa hata moja, wakati Kiyoruba na Kivietinamu vilisubiri mipango mipya. Shida moja ndogo ilikuwa ng', kwa sababu kompyuta hukidhani kile kikoma cha juu kuwa ni alama ya kufunga nukuu, na ng'ombe akachinjwa vipande viwili na programu ya kukagua tahajia. Shida kubwa ilikuwa kitenzi. Programu ya Kiingereza inaweza kuwa na orodha ya maneno na kuridhika. Haiwezekani kuorodhesha kila umbo la andika, kuanzia hatukuwaandikia hadi yaliyoandikishwa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliifanya kazi ya kuifundisha kompyuta kuyachambua maumbo hayo kwa kanuni, na makala yake ya mwaka 1992 bado ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kuelewa jinsi sarufi ya Kibantu inavyogeuzwa amri.

Kioo chenyewe kilianza kusema Kiswahili katika muongo wa kwanza wa karne hii. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, kifurushi cha programu huria za ofisini kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. (Jina hilo ni la kusikitisha kidogo, kwani jambo bila hu na bila si ni salamu anayopewa mtalii, lakini huenda walioiteua walifikiria masoko kuliko baraza.) Microsoft nayo ilitoa tafsiri zake za Windows XP na Office 2003 katika kipindi hichohicho. Kazi ngumu haikuwa ya kusafirisha maneno, ilikuwa ya kuamua. Kompyuta ibaki kompyuta, au iwe tarakilishi kama wanavyopenda wengi Kenya, au ngamizi, neno ambalo katika masikio ya wengine linakaa karibu mno na angamizi?

Baadhi ya maamuzi hayo yalifaulu kwa sababu yaliokota maneno yenye maisha yake. Kupakia na kupakua ni maneno ya bandarini, ya makuli na majahazi, na kupakua ni neno la jikoni pia, la kuutoa wali chunguni. Anayepakua faili anafanya kitendo ambacho bibi yake angekielewa. Kivinjari kimetokana na kuvinjari, kuzunguka majini kwa doria. Wavuti unaukumbuka wavu wa mvuvi. Hata dirisha, neno la Kiajemi lililokwisha kuota mizizi pwani, lilikuwa likisubiri. Inasemekana mara kwa mara kwamba Kiswahili kinaazima istilahi za teknolojia kwa sababu hakina zake; mifano hii inaonyesha lugha ya watu wa bandarini, waliokuwa wakipokea na kupeleka mizigo karne nyingi kabla ya Xerox, ikiitazama kompyuta na kuiona gati.

Katika Birmingham ya leo maneno hayo yana wenyewe. Jamii za Kihindi zilizotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na Uganda mwaka 1972 zilikuja na Kiswahili cha dukani. Baada yao wamekuja Wakongo, Warundi, Watanzania, na Wasomali waliopitia Mombasa na Nairobi. Kwa watu hao mfumo endeshi umeacha kuwa anasa. Kadi za ukaazi za Uingereza, nyingi zikiwa zimeandikwa kwisha tarehe 31 Desemba 2024, zimepisha hati ya kielektroniki isiyoshikika. Anayetaka kumthibitishia mwajiri au mwenye nyumba kwamba ana haki ya kuwapo lazima aingie kwenye akaunti, kwa barua pepe au simu aliyoisajili, na kutoa namba ya muda ya kumpa mkaguzi. Programu ya simu inayosoma chipu ya pasipoti haikubali mifumo ya zamani mno. Kusahau nywila, kupoteza laini ya simu, au kushindwa kusasisha, mambo yaliyokuwa usumbufu, sasa yanaweza kumsimamisha mtu mlangoni.

Wengi huenda kusaidiwa na watoto wao, au huenda Maktaba ya Birmingham, iliyofunguliwa na Malala Yousafzai mwezi Septemba 2013, yenye kompyuta za umma. Jengo la jirani limepewa jina la John Baskerville, mchapaji wa jiji hilo wa karne ya 18, ambaye herufi zake bado husafiri ndani ya kila kompyuta ya Apple. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayekaa kando ya mama yake, akisoma kioo kwa Kiingereza, akimweleza kwa Kiswahili, akibonyeza kwa niaba yake, anaifanya kazi iliyofanywa Manchester mwaka 1951. Naye halipwi.

Mama huyo angeweza kukibadilisha kioo kiseme Kiswahili. Katika mipangilio ya simu za Android lugha hiyo ipo, na inapochaguliwa huuliza Kiswahili cha wapi: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Tanzania au Uganda. Uingereza haimo. Akichagua Tanzania atapata maneno mazuri, tarehe zilizoandikwa vizuri, na saa ambayo si yake. Ndani kabisa, mifumo mingi haina asubuhi wala usiku. Huhesabu sekunde tangu kuanza kwa siku ya 1 Januari 1970 kwa majira ya Greenwich, kisha huzigeuza kwa kanuni za kila mahali. Kanuni hizo ni nyingi na za kina. Zinajua kwamba Birmingham husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kwamba Tanga haisogezi kamwe. Hazijui kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza. Kioo kilichotafsiriwa huandika 7:00 asubuhi. Mwenye simu mjini Birmingham husoma saa moja, na ikiwa ni Januari, akimpigia mama yake Tanga, ataambiwa huko ni saa nne. Kutoka saba hadi moja, na kutoka moja hadi nne, hesabu hufanywa kichwani.